Samaki Tunampima, Injini Tunaikisia

Kaa kijiweni Nyasho, Musoma mjini, asubuhi moja tu. Neno utakalolisikia mara nyingi kuliko yote baada ya salamu ni "kaza". Dereva anaingiza pikipiki, mapezi ya silinda yameloa oili iliyochanganyika na vumbi la barabara ya Majita mpaka imekuwa tope jeusi. Injini hajaizima hata. "Fundi, inavuja. Kaza." Fundi anachukua spana, anachomeka kipande cha bomba kwenye mpini apate urefu, anavuta mpaka mshipa wa shingo unasimama. Nati inalia. Dereva anaridhika, maana ameona jasho, na jasho ndilo analolilipia. Wiki mbili baadaye yuko pale pale, safari hii oili inachirizika hadi kwenye kiatu.

Nimekaa pande zote mbili za biashara hiyo. Nimekuwa dereva anayesema kaza, nikawa fundi anayekaza. Stadi (boliti isiyo na kichwa) ya kwanza kuikata maishani mwangu niliikatia Bunda, kwenye pikipiki ya mtu aliyetaka kufika Kibara kabla jua halijazama. Ilikatikia ndani kabisa, chini ya uso wa kreki kesi, na kwa saa nne nilikuwa naitoboa kwa drili ya mkono huku mwenyewe ameketi juu ya gunia lake akinitazama bila kusema neno. Alilala Bunda usiku ule kwa sababu yangu. Ninachokipinga hapa, basi, nakijua kwa mikono.

Imani yenyewe inakwenda hivi: oili ikitoka kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda, nati zimelegea, nati zikilegea, dawa yake ni nguvu, nguvu ikizidi, usalama nao umezidi. Imeshika vijiwe vyote ninavyovijua, kuanzia Mwigobero hadi Kiabakari. Mafundi wazuri wanaiamini, wamiliki wanaidai, vijana wanaojifunza wanarithishwa kabla hawajajua kutofautisha spana namba 12 na namba 14. Nami nasema imani hiyo imeua injini nyingi kuliko mashimo ya barabarani.

Tuanze na boliti yenyewe, kwa sababu ubishi wote umejificha humo. Boliti ni springi. Haifanani na springi kwa kuwa ni nene na ngumu, lakini ukiikaza huvutika kidogo sana, na ile hamu yake ya kurudi katika urefu wake wa awali ndiyo inayoibana hedi juu ya gasketi. Ukiivuta kwa kiasi, itabana miaka. Ukiivuta kupita kiasi, hairudi tena. Inakuwa kama lastiki iliyochoka, ipo mahali pake lakini haishiki kitu. Fundi akiigusa anaikuta imelegea. Anaikaza tena. Inavutika tena. Kila akiongeza nguvu anaondoa kile alichokuja kukiongeza.

Anayetaka hesabu, hii hapa. Chukua injini ya CC 125 ya ukoo wa Honda CG125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 na ambayo injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria wetu leo ni wajukuu zake. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, kwa hiyo uso unaosukumwa una sentimita za mraba 25 hivi. Petroli inapowaka, msukumo wa juu kabisa unaweza kukaribia kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: tani moja na robo inataka kuing'oa hedi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pigo hilo linarudi mara 50 kila sekunde.

Hapo mtu wa "kaza" hupata nguvu ya kuzungumza. "Umeona? Tani!" Lakini hesabu haijaisha. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni-mita. Kitabu cha kila injini kina namba yake, na kwa stadi za milimita 8 zilizoenea kwenye injini za ukubwa huu namba nyingi ziko kati ya 20 na 30. Kwa 25 tu, stadi moja hubana kwa takriban tani moja na nusu. Ziko nne. Tani sita zimeshika, tani moja na robo inasukuma. Waliochora injini hiyo walituachia akiba kubwa, hawakutuachia pengo la kujaziwa kwa bomba.

Sasa tazama ng'ambo ya pili ya namba hiyo. Stadi ileile, ya chuma cha daraja la kawaida, huanza kuvutika moja kwa moja kabla hata ya kufika nyutoni-mita 40, na nyuzi za aluminiamu ambamo imeshikiliwa mara nyingi hung'oka mapema zaidi. Kati ya sahihi na uharibifu, basi, hakuna hata mara mbili. Na mwanamume mzima anayevuta kwa uzito wa kilo 40 kwenye bomba la nusu mita anatoa karibu nyutoni-mita 200! Jiulize kwa nini spana ndogo ilitengenezwa fupi. Urefu wake ni kipimo cha kwanza alichokupa mtengenezaji, akijua mkono wa binadamu unavyovuta. Ukichomeka bomba umekifuta.

"Lakini nasikia nati inapofika," mafundi huniambia. "Inalia, najua imekaa." Wapo wazee wenye mkono wa namna hiyo, sibishi, miaka thelathini ya spana moja fupi humfundisha mtu. Kwa wengi wetu, hata hivyo, sauti ile inadanganya. Katika kila sehemu kumi za nguvu unazotia kwenye spana, karibu tisa zinaliwa na msuguano, nusu yake chini ya nati na inayobaki kwenye nyuzi. Ni moja tu inayofika kuivuta boliti. Nyuzi zikiwa na kutu, mchanga au mabaki ya silikoni ya mwaka jana, msuguano unakula hata hiyo moja. Nati inalia, mkono unachoka, na boliti ndani bado haijabana. Jirani yake iliyo safi imekwisha kuvutwa kupita kiasi kwa nguvu ileile. Hedi moja, nati nne, na kila moja inashika kivyake. Kabla ya spana, basi, ni brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa, na ni kusoma kitabu kinataka nyuzi ziwe kavu au zipakwe oili, kwa sababu nyuzi zenye oili huvutika zaidi kwa nguvu ileile. Tundu lisilo na mwisho wazi likijaa oili, boliti inayoshuka humo inaweza kulipasua. Haya hayachukui dakika kumi.

Mpangilio wa kukaza nao umedharauliwa. Bonyeza mfuniko wa sufuria upande mmoja uone upande wa pili unavyoinuka. Hedi ya aluminiamu inafanya hivyohivyo, ila kwa kiasi ambacho jicho halioni na oili inaona. Nati hukazwa kwa msalaba, moja na ya mkabala wake, na kwa hatua: kwanza nusu ya namba, kisha robo tatu, kisha namba kamili. Kulegeza nako ni kwa msalaba na kwa hatua. Wengi wanaojua kukaza vizuri huvuruga hedi siku ya kufungua, kisha wanamlaumu muuza gasketi.

Na yule dereva ambaye hajazima hata injini? Amwombe fundi radhi arudi kesho asubuhi. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ya moto tayari imezivuta stadi zake. Ukikaza wakati huo unapata namba ya uongo, kisha injini ikipoa aluminiamu inasinyaa na mkazo unapungua. Hedi hukazwa injini ikiwa imelala usiku kucha. Najua dereva ana hesabu ya kumpelekea bosi jioni. Nitarudi kwa bosi huyo.

Kwanza nijibu utetezi unaopendwa kuliko wote: "Ya Mchina hii, lazima ivuje." Nimeusikia kwa dereva, kwa fundi, kwa mwalimu wa sekondari, hata kwa muuza vipuri aliyekuwa anaiuza hiyo pikipiki. Ni utetezi mtamu kwa sababu unamtua kila mtu mzigo. Ila ile Honda ambayo injini hizi zimeiga ilichorwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito, hubadilishwa oili kwa kuchelewa na hutengenezwa na fundi asiye na karakana. Waliacha mnyororo wa kuendesha kemu iliyo juu, wakarudi kwenye vijiti vya kusukuma valvu, ili injini ivumilie watu kama sisi. Ubora wa nakala unatofautiana, hilo nakubali bila kusukumwa: chuma cha stadi kinaweza kuwa laini, uso wa hedi unaweza kuwa na mawimbi. Ndiyo sababu ya kupunguza mabavu. Chuma laini huhitaji kipimo zaidi kuliko chuma kigumu, na mtu anayesema "ni mbovu" kisha akaongeza bomba anajipinga mwenyewe katika pumzi moja.

Utetezi wa pili una uzito zaidi. Barabara. Anayetoka Bunda kwenda vijijini kwa njia ya changarawe iliyojikunja kama bati anajua mtetemo ni nini, na nati kweli hulegea kwa mtetemo. Ila hulegea wapi? Hulegea pale vipande viwili vinapopata nafasi ya kuteleza kimoja juu ya kingine, na nafasi hiyo huja mbano ukiwa haufanani au ukiwa umepotea. Stadi iliyovutwa kupita kiasi ndiyo ya kwanza kulegea kwenye changarawe. Tena gasketi mpya hukaa kidogo baada ya joto la siku za mwanzo. Vitabu vingi vinataka hedi ikaguliwe tena baada ya kilomita mia kadhaa, asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa namba ileile. Ukaguzi huo wa pili ndio jibu la barabara mbovu. Huku kwetu hakuna anayeufanya. Dereva haoni sababu ya kurudi kwa kitu ambacho hakivuji.

Halafu kuna silikoni. Inapakwa kama siagi kwenye mkate, juu ya gasketi, chini ya gasketi, mahali pasipo na gasketi. Inayoonekana nje ikiwa imetokeza, ujue ndani imetokeza kiasi hichohicho, na ile ya ndani siku moja itachomoka iende kwenye chujio la oili au kuziba njia ya kupandisha oili kichwani. Pikipiki itaacha kuvuja na kuanza kufa. Kama uso una mawimbi, weka kioo mezani, tandika msasa laini juu yake, sugua hedi kwa mizunguko mpaka alama zifanane kote, osha vizuri, weka gasketi mpya. Kioo cha dirisha lililovunjika kinatosha.

Na nusu ya mivujo inayoletwa kwangu kama "hedi" siyo hedi. Upepo wa safari huirudisha oili nyuma, kwa hiyo palipolowa sipo panapovuja. Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto, washa, ngoja. Mstari wa kwanza mweusi utakaoonekana kwenye weupe ule ndio ukweli. Mara nyingi ni mpira wa kava la tepeti uliokakamaa. Boliti za kava hilo ni za milimita 6, zinahitaji nyutoni-mita 10 tu, na ndizo zinazong'olewa nyuzi kila siku. Pengine ni washa ya shaba iliyohamishiwa stadi isiyo yake, kwenye injini ambazo stadi moja ndiyo njia ya oili kupanda. Au ni bomba la kupumulia limezibwa na tope, au mdudu amejenga humo. Kreki kesi isiyopumua hujaa msukumo, na msukumo hutafuta pa kutokea: siili, gasketi, popote palipo dhaifu. Hapo waweza kukaza hadi kesho. Mwingine amejaza oili kupita alama akidhani anaipenda pikipiki yake.

Sasa kipimo. Hapa ndipo wenzangu hunishika: "Mzee, toki renchi, hiyo spana ya kupima nguvu, ni ghali, na Musoma kuipata ni kubahatisha. Wewe unazungumzia karakana za Ulaya." Neno hilo huniuma, kwa sababu mkoa huu unaishi kwa mizani. Sangara akitua mwaloni Mwigobero hupimwa kwa kilo kabla hajaguswa na mnunuzi. Pamba ya Bunda hupimwa, na mkulima husimama kando ya mizani macho yamemtoka, tayari kugombania nusu kilo. Dhahabu ya Buhemba, huko Butiama, hupimwa kwa gramu na visehemu vya gramu. Wakala wa Vipimo hupita kukagua mizani hizo, na mfanyabiashara mwenye mizani ya kuchezea huogopa kama mwizi. Katika mkoa huo huo, chombo kinachompa kijana chakula cha kila siku tunakikaza kwa kukisia.

Toki renchi si lazima uwe nayo kuanza. Chukua mizani ya springi ya kupimia samaki, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Chukua mpini wa soketi, pima sentimita 25 kutoka katikati ya nati, weka alama, funga ndoano hapo. Vuta kwa pembe mraba, taratibu, bila kushtua. Mshale ukigusa kilo 10, umetia nyutoni-mita 25 pungufu kidogo sana. Ukitaka 20, vuta kilo 8. Kwa boliti ya kava, kilo 4, na utashangaa 4 ni kitu kidogo namna gani. Kila fundi niliyemwonyesha alidhani mizani imeharibika. Kama unaishuku, ning'iniza dumu la lita kumi la maji: lita moja ya maji ni kilo moja, ondoa uzito wa dumu, linganisha. Mpini wako ni mfupi, una sentimita 20? Kwa nyutoni-mita 25, gawanya 2.5 kwa urefu huo kwa mita, yaani 0.2: kilo 12 na nusu. Mtoto wa darasa la sita anaifanya hesabu hiyo.

Mizani hiyo haifikii toki renchi nzuri, nami sidai kwamba inaifikia. Kosa la kilo moja linaweza kuingia. Lakini kosa la kilo moja katika kumi ni dogo, na kosa la bomba halina mpaka.

Yule bosi niliyesema nitamrudia ni mwenye pikipiki. Anaikabidhi kwa kijana kwa mkataba, anahesabu fedha kila jioni, na siku ikivuja anasema "peleka ikakazwe, usipoteze siku". Injini hizi zina lita moja ya oili, au kiasi kinachokaribia hapo, na oili hiyohiyo inalainisha pistoni, inaogesha klachi, inahudumia gia na kupoza kichwa. Hakuna nyingine. Ikipungua theluthi kwa wiki, kila kitu ndani kinalipa, na kijana anaendelea kukimbia Bweri hadi Makutano kwa sababu hesabu haijui oili. Siku injini inapogoma, mkataba unavunjwa na kijana anaambiwa hajui kutunza. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja na bado linanikasirisha. Nusu siku ya kuacha injini ipoe na kukazwa kwa kipimo inapaswa kuwa ya bosi, iandikwe kwenye mkataba kama tarehe ya bima inavyoandikwa.

Na ile oili iliyopotea haikupotea. Pikipiki zinaoshwa kandokando ya ziwa, humo tunamochota maji na kuvua dagaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingoni ziwe huru na shughuli za namna hiyo. Tope jeusi la kwenye mapezi halijui mita 60 ni nini. Linafuata maji.

Kwa wenzangu wa vijiweni nina ombi moja la fedha. Tunachangiana misiba, tunachangiana faini. Kijiwe cha watu ishirini kinaweza kuchanga toki renchi moja, ikae kwa katibu, iandikwe anayeiazima. VETA hutoa vyeti kwa mafundi waliojifunzia mtaani, baada ya kuupima ujuzi wao, na ni mpango mzuri. Ningependa katika upimaji huo fundi apewe stadi, nati na mpini, aambiwe aonyeshe nyutoni-mita 25 kwa njia yoyote aijuayo. Swali hilo moja lingebadilisha wanachofundishwa wanaomfuata.

Juzi alinijia kijana kutoka Butiama, anafundishwa kazi na mjomba wake. "Shikamoo mzee." Marahaba, mura. Alikuwa na hedi iliyofunguliwa mara tatu ndani ya mwezi. Tulibadilisha stadi mbili zilizovutika, tukasugua uso kwenye kioo, tukafunga gasketi mpya. Nikampa mpini wenye ndoano ya mizani ashike yeye. Akapita kwa msalaba, kilo 5 kwanza, kisha 7 na nusu, kisha akavuta polepole mpaka mshale ukagusa 10. Akanitazama, mkono bado umekaza, akingoja nimwambie aongeze. Nikamwambia aachie.